Nilivyouza vipodozi miaka sita, na kwa nini niliacha kuandikisha watu

Mteja wangu wa kwanza alikuwa jirani wa mlango wa pili, na alinunua kwa kunionea huruma. Nilijua siku ileile. Alipekua katalogi haraka haraka hadi ukurasa wa mwisho, akarudi kwenye kitu cha bei ndogo kuliko vyote, losheni ya mikono, akasema, "Haya, niandikie hii, mwaya." Hakuuliza inafanya nini, hakuomba hata kunusa. Mwezi mmoja baadaye nilienda kwake kwa shughuli nyingine nikaikuta losheni iko juu ya kabati, kifuniko bado kimezungushiwa plastiki yake.

Miaka miwili baadaye alikuja mama mmoja ambaye hakunijua wala hakuwa na sababu ya kunihurumia. Alileta chupa tatu za faundesheni alizonunua sehemu tofauti, na zote zilimwacha na uso wa rangi ya majivu. Alishaamini kwamba ngozi yake ndiyo yenye kasoro. Nilimsogeza dirishani, maana mwanga wa taa hudanganya, nikamfuta uso, nikamchora mistari mitatu kutoka shavuni kushuka tayani hadi shingoni, kila mstari na rangi yake. Tukakaa dakika kumi. Faundesheni nyingi hubadilika kidogo zikikauka. Ukichagua ikiwa bado mbichi utarudi kulalamika. Nilipompa kioo alijitazama kwa muda, akageuza shingo huku na huku, kisha akaniuliza, "Mbona hapa katikati hujapaka?"

Nilikuwa nimepaka. Huo ndio uliokuwa mstari wake.

Miaka yangu sita ya kuuza vipodozi kwa mkoba iko kati ya wanawake hao wawili. Wiki hii wasomaji watatu wameniandikia swali moja: dada, nimeitwa kwenye kampuni ya vipodozi, niingie? Nilimjibu kila mmoja kwa sentensi mbili na sikuridhika, kwa sababu sentensi mbili hazitoshi. Kampuni yangu siitaji. Mengi ya haya nimeyasikia pia kwa wenzangu wa kampuni nyingine, na nikiitaja moja, zile nyingine zitaonekana safi.

Nianze na jema, maana watu walio nje huliruka. Niliingia nikiwa na mtoto wa miezi minane. Hakuna mwajiri aliyetaka mtu anayepatikana saa nne hadi saa saba tu, na siku nyingine hapatikani kabisa. Huku hakuna aliyeniuliza cheti, hakuna usaili, hakuna aliyenitazama tumbo na kupiga hesabu za likizo ya uzazi. Nilinunua kifurushi cha kuanzia, nikapewa namba ya wakala na katalogi kumi, nikaanza. Aliyewahi kufungiwa milango anajua uzito wa mlango ulio wazi, hata kama nyuma yake kuna mambo.

Na mlango huo ni wa zamani. Mwaka 1886 David McConnell, aliyekuwa akiuza vitabu mlango kwa mlango huko Marekani, aliona kwamba wanawake wanavipenda vichupa vya manukato alivyokuwa akiwapa kama zawadi kuliko vitabu vyenyewe. Akaanzisha kampuni ya manukato New York, ambayo mwaka 1939 ilichukua jina la Avon. Muuzaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Bi. Persis Albee wa mji wa Winchester, jimbo la New Hampshire. Wanawake wa Marekani walihakikishiwa haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920, yaani miaka 34 baada ya hapo. Mwanamke asiyeruhusiwa kumchagua rais aliweza kubeba mkoba, kugonga mlango na kurudi nyumbani na pesa iliyo yake. Na Mary Kay Ash, aliyefungua kampuni yake Dallas mwaka 1963 kwa akiba ya dola 5,000, aliacha kazi ya awali baada ya mwanamume aliyemfundisha mwenyewe kupandishwa cheo juu yake. Hadithi hizi mbili nilizisikia kwenye semina ya kwanza, nikaenda kuzihakiki, nikakuta ni kweli. Zilinipa moyo, na bado zinanipa.

Kitu cha pili nilichopata ni ujuzi, na hiki sitakidharau mpaka naingia kaburini. Mafunzo ya kampuni yalikuwa zaidi ya kuuza kuliko ngozi, lakini yalinifungulia hamu, nikaendelea kujisomea usiku mtoto akilala. Nilijifunza kwamba viambato kwenye lebo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote. Kwa hiyo tafuta kwenye lebo kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli, ambacho sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Ukiona ua lililopigiwa debe mbele ya kopo limeandikwa baada ya hicho kihifadhi, ujue lililomo ndani ni tone. Nilipolijua hilo nilirudi kwenye katalogi yetu na kuisoma upya kitu kimoja kimoja. Vingine vilipanda machoni pangu. Krimu ya bei kubwa kuliko zote ilishuka, na sikuiuza tena kwa moyo.

Nilijifunza alama ya kikopo kilicho wazi chenye namba ndani yake, 6M au 12M, yaani miezi ambayo bidhaa hudumu salama baada ya kufunguliwa. Nilijifunza kwamba maskara iliyozidi miezi sita ni ya kutupa hata kama bado inapaka vizuri, kwa sababu brashi hutoka kwenye kope na kurudi kwenye giza lenye unyevu mara mbili kwa siku. Lipstiki ya kujaribia haipiti mdomo hadi mdomo. Unakwangua kidogo kwa kijiko cha plastiki, unapaka kwa brashi ya kutupa. Virusi vya vidonda vya mdomo havijali umevaa vizuri kiasi gani.

Lingine nililijua kwa kuumia. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinunua krimu ya usiku yenye manukato makali. Nilikuwa na haraka. Sikumwambia aijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku mbili. Siku ya tatu akanitumia picha: kope zimevimba, mashavu yana vipele vyekundu kama aliyepakwa upupu. Mzio wa ngozi wa namna ile mara nyingi hauji saa ileile. Huchukua siku moja, mbili, hata zaidi, ndiyo maana mtu hujipaka jioni akaona salama, akaendelea. Nilikwenda naye kliniki na kulipa mimi. Nilipompigia kiongozi wangu, yaani aliye juu yangu kwenye kampuni, kumweleza, jibu lake lilikuwa kwamba nimwambie mteja "ngozi inatoa sumu", avumilie wiki mbili. Sikumwambia. Ngozi iliyovimba haitoi sumu, inakataa kilichowekwa juu yake, na dawa ya kwanza ni kuacha kupaka.

Hilo la kuwageuza wauzaji kuwa madaktari lina madhara makubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila wiki kulikuwa na ushuhuda: krimu imetibu pumu ya ngozi, sabuni imeondoa fangasi, seramu imefuta kovu la miaka ishirini. Kipodozi ni cha kusafisha, kupendezesha, kunukisha na kulinda. Kikitibu ni dawa, na dawa ina utaratibu wake. Tulikuwa wanawake zaidi ya mia mbili mle ndani, wengi wetu hatukuwa na somo lolote la ngozi isipokuwa semina za Jumamosi, na tulikuwa tukishauri watu juu ya nyuso zao. Nilianza kumuuliza kila mteja anayetaka seramu ya retinoli, ya jamii ya vitamini A, kama ana mimba au anatafuta mtoto, kwa sababu wajawazito hushauriwa kuachana na dawa na vipodozi vya jamii hiyo. Wawili walisema ndiyo. Sikuwauzia, na mwezi ule pointi zangu, ambazo kampuni huzihesabu kwa bidhaa unazoagiza, zilipungua.

Sasa pesa. Hapa ndipo napenda tukae.

Kampuni ilinipa punguzo la asilimia 25 kwa bei ya katalogi. Nanunua kwa 75, nauza kwa 100, 25 ni yangu. Ndivyo inavyosemwa kwenye mkutano, na ubaoni huandikwa kwa wino mwekundu. Mwaka wa tatu nilinunua daftari la kurasa 96 na kuanza kuandika kila kilichotoka. Katika kila 100 niliyouza, nauli ya kuchukua mzigo na kuupeleka ilikula 6. Katalogi na sampuli, ambazo nilinunua mwenyewe, 5. Bando na kupiga simu, 3. Punguzo kwa ndugu na marafiki ambao hawawezi kulipa bei kamili na wewe huwezi kuwakatalia, 4. Madeni yaliyopotea kabisa, 2. Kwenye ile 25 ikabaki 5. Halafu nikagawa hiyo faida kwa saa nilizofanya kazi mwezi ule, nikijumuisha hata zile za kujibu meseji saa nne usiku. Nilifunga daftari nikaenda kuosha vyombo. Kesho yake nikaifanya tena hesabu, nikitumaini nimekosea.

Sikukosea. Lakini sikiliza: ile 5 ilikuwa pesa halali, na iliwezekana kukua. Niliacha kwenda kwa mteja mmoja mmoja, nikaweka siku mbili za kupeleka mizigo. Nikaacha kukopesha. Nikaacha kununua katalogi, nikawatumia wateja picha nilizopiga mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, rangi ikiwa juu ya ngozi ya mtu halisi. Mwaka wa nne 5 ikawa 13. Mtu anayeuza vipodozi kwa akili, akiwa na wateja thelathini au arobaini wanaomwamini, anaweza kupata kipato cha pembeni kinachoeleweka. Hatajirika. Analipa vitu fulani na halali njaa ya pesa ndogo ndogo. Na hana mshahara, hana likizo ya ugonjwa, hana pensheni. Mkataba wenyewe unasema wazi kwamba yeye ni mfanyabiashara huru, si mwajiriwa. Mtu anayeniambia "nafanya kazi kampuni fulani" huwa namuuliza kama ameusoma. Kampuni ikibadilisha mpango wa malipo au ikiondoa ile bidhaa ambayo nusu ya wateja wako wanaitumia, unapata taarifa kama mtu yeyote. Hata ukubwa si kinga: Avon Products ile ile iliyoanza na Bi. Albee iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai huko Marekani Agosti 2024.

Kama mambo yangeishia hapo ningeandika ukurasa mwingine, wa kuhimiza.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyenipongeza kwa ile 13. Sijawahi kuitwa jukwaani kwa kumpata mama yule wa mistari mitatu. Walioitwa jukwaani, wakavishwa utepe, wakapigiwa makofi hadi machozi yakawatoka, ni walioandikisha watu, yaani walioingiza wengine kwenye kampuni chini yao. Kuuza kulikuwa kazi ya wadogo. Kujenga timu ndiyo kazi ya viongozi. Nami nilitaka sana kuwa kiongozi. Nasema bila aibu kwamba nilikuwa mama wa nyumbani ambaye hakuna aliyewahi kumpigia makofi, na makofi yale yaliingia mwilini.

Nikaandikisha. Binamu, wifi yangu, wenzangu wawili wa shule, mteja mzuri ambaye angebaki mteja mzuri. Nikafika ngazi ya kulipwa bonasi ya timu, kwa sharti moja: kila mwezi niwe na pointi zangu binafsi 200. Nisipozifikisha, bonasi ya watu wote walio chini yangu inapita juu yangu na kwenda kwa aliyeniandikisha.

Usiku wa mwisho wa mwezi ule wa kwanza naukumbuka vizuri. Saa tano na dakika arobaini, oda zinafungwa saa sita kamili. Nina pointi 140. Nimeshawasumbua wateja wote hadi wameacha kujibu. Kiongozi wangu ananiandikia, "Mama, usiache pesa mezani, 60 tu hizo." Nikaingia kwenye mfumo, nikachagua pafyumu moja na krimu mbili, nikalipa kwa pesa iliyokuwa imetengwa kwa ada ya mtoto. Saa tano na dakika hamsini na tatu namba ikasoma 203. Kwenye kikundi zikaanza kumiminika picha za fataki na mioyo. Wanawake kadhaa waliandika kwamba nao wamefika. Leo najua walifikaje.

Niliangalia daftari nilipoacha. Katika miezi 22 ya uongozi, miezi 14 nilinunua mwenyewe ili nifike. Kwa miezi hiyo 14, bonasi niliyolinda kwa manunuzi yale, ukiijumlisha yote, ilikuwa kama theluthi mbili ya nilichotoa. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi sita. Wateja wangu wote thelathini na nane wangeweza kununua kwa mwaka mzima bila mimi kuagiza kitu, isipokuwa muda wa bidhaa usingesubiri.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ambayo ningeweza kuifanya tangu semina ya kwanza. Tuliambiwa: tafuta sita tu, na kila mmoja wao atafute sita. Sita, thelathini na sita, mia mbili kumi na sita, inapendeza ubaoni. Endelea sasa. Ngazi ya 11 inahitaji watu 362,797,056. Ngazi ya 13 inahitaji zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima ina watu kama bilioni 8, wakiwemo watoto wachanga. Ngazi ya chini ndiyo kubwa kuliko zote zilizo juu yake zikijumlishwa, kwa hiyo popote mchezo unaposimama, walio wengi wako pale ambapo hawana wa kumwandikisha. Haihusiani na uvivu wao. Nimesikia wanawake wachapakazi wakiitwa wavivu jukwaani kwa sababu ya hesabu hii, na mimi mwenyewe nimewaita hivyo.

Mpaka kati ya biashara na upatu wa piramidi, ule wa kulipwa kwa kuingiza watu, ulichorwa zamani, na ulichorwa kwa kesi ya kampuni ya vipodozi. Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Koscot, iliyouza vipodozi kwa mtindo huu. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliamua kwamba ule ni upatu, na ikaeleza dalili zake: mtu analipa pesa ili apate haki ya kuuza bidhaa, na pia haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo ambayo hayahusiani na kuwauzia watumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 tume hiyohiyo ilipochunguza kampuni ya Amway haikuikuta na hatia ya upatu, na sehemu kubwa ya sababu ni kanuni zake: mzigo uliobaki kwa wakala ununuliwe tena, wakala awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza tena, na awe na wateja wa rejareja wasiopungua 10 kwa mwezi. Hata hivyo iliamriwa iache kupotosha watu kuhusu kipato.

Mimi sikuwa mwanasheria na si mwanasheria leo, lakini nilipozisoma kanuni zile tatu nilizipima kwangu. Asilimia 70? Maboksi sita chini ya kitanda. Wateja kumi? Nilikuwa nao, ndio, ila wanawake kumi na moja niliowaandikisha hawakuwa nao, isipokuwa wawili. Waliobaki walikuwa wananunua wenyewe. Nilichokuwa nakiita timu kilikuwa kundi la wateja waliolipia kiingilio.

Na urafiki. Huu hauingii kwenye daftari. Ukishaanza kuandikisha, macho yako hubadilika. Nilikwenda kumjulia hali shangazi aliyetoka hospitali, na kabla sijakaa nilishawaza kwamba wauguzi wa pale ni soko zuri. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilizunguka meza na kadi za biashara. Watu wakaanza kuniona kwa mbali na kutafuta njia nyingine. Nami nilifundishwa kwamba hao ni "watu hasi", niwaondoe maishani. Sasa naliona neno hilo kuwa baya kuliko yote niliyofundishwa. Aliyesema hapana kwa krimu hakusema hapana kwangu.

Aliyeniumiza zaidi ni rafiki yangu wa utotoni. Sitasema mengi ya kumtambulisha. Alikuwa ametoka kupoteza kazi, nami nilimwandikisha wiki ileile, nikiamini kwa moyo wote kwamba namsaidia. Nilimwambia maneno niliyoambiwa. Nilimshauri aanze na kifurushi kikubwa, kwa sababu kifurushi kikubwa kilinipa pointi nyingi, na hilo la pointi sikumwambia. Hakuwa mtu wa kuuza. Ni mtaratibu, anaona haya kutaja bei. Miezi saba baadaye aliniomba niende kwake, akafungua kabati la nguo, chini ya nguo zake kukawa na mzigo karibu wote. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu: "Ulijua?"

Sikujua yote. Nilijua ya kutosha.

Kwa wale watatu walioniandikia, haya ndiyo ningetaka mtu aniambie wakati ule. Muulize anayekuita: mwezi uliopita umeuza kiasi gani kwa watu wasio wakala? Akikujibu kwa kukuonyesha gari la mtu wa juu yake, umeshajibiwa. Uliza ni nini kinatokea mwezi usipoagiza kitu. Kama hakitokei chochote, una kazi. Kama unapoteza cheo au malipo, utakuja kununua usiku wa mwisho wa mwezi kama mimi. Omba mkataba wenyewe, si picha za semina, na utafute kipengele cha kurudisha mzigo. Kanuni za maadili za shirikisho la dunia la vyama vya mauzo ya moja kwa moja zinataka wakala anayejitoa anunuliwe tena bidhaa zinazouzika alizochukua ndani ya miezi 12, na makato yasizidi asilimia 10. Kampuni nyingi kubwa ni wanachama wa vyama hivyo. Kipengele hicho kilikuwa kwenye mkataba wangu miaka yote sita, ukurasa wa tisa. Kiongozi wangu alikuwa akituambia kwamba mzigo ukishatoka haurudi, na nadhani naye aliambiwa hivyo na wa juu yake.

Ukikuta majibu yanaridhisha, ingia, na ingia kama muuzaji. Jaza mkoba kwa oda zilizolipwa tayari. Jifunze ngozi kwa bidii kuliko unavyojifunza hotuba. Usimwandikishe mtu asiyekuomba mara mbili.

Mimi nilijitoa. Maboksi yangu mengi yalikuwa yamepita miezi 12, nikayagawa, mengine nikayatupa. Bado napamba maharusi wikendi, nanunua vifaa popote vilipo vizuri, na mama yule wa faundesheni huniletea mabinti zake. Ya rafiki yangu yalikuwa bado ndani ya muda. Nilikwenda kwake na nakala ya ukurasa wa tisa, tukakaa sakafuni jioni nzima tukipanga kila kitu kwa tarehe, yeye akisoma namba za nyuma ya kopo, mimi nikiandika. Vitu 44. Kampuni ilikubali 31. Vingine vilikuwa vimefunguliwa au vifungashio vimechanika. Pesa ilichukua wiki tisa, na ilipofika alinitumia neno moja: "Imeingia." Tofauti ya vile 13 nilimlipa mimi kwa awamu tatu, na hakukataa, nami nilishukuru kwamba hakukataa.

Hatujarudi tulivyokuwa. Haji kwangu kama zamani. Ila mwezi uliopita alinipigia kuniuliza krimu ya kukinga jua inayomfaa binti yake mwenye chunusi, nikamwambia atafute isiyo na mafuta wala manukato, SPF 30 au zaidi, apake urefu wa vidole viwili usoni na shingoni, na ajaribu kwanza nyuma ya sikio. Aliandika yote. Kisha akaniuliza kama mwanangu ameshaanza kusoma vitabu mwenyewe, tukaongea karibu saa nzima.